Chuma Niliyoweka Juu

Nyinyi vijana munapita kila asubuhi mbele ya mulango yangu na truweli, mwiko ya kujengea, ndani ya mufuko, munasema "bonjour papa kapita", na munaenda mbio. Sawa. Hata mimi nilikuwa nakimbia. Sasa magoti inakataa, mukono ya kuume inatetemeka nikishika kikombe, na binti yangu ameniletea kaye ya kuandikia, akasema: papa, ile maneno unasemaga kila siku juu ya betoni, andika, sisi tumechoka kusikia. Bon. Naandika. Mutanisamehe herufi. Masomo yangu ilifika mwaka ya ine ya primere, kisha nikaenda kubeba muchanga.

Nataka kuwaambia juu ya arshitekti na injenieri, kwa sababu nyinyi munafikiri ni mutu moja mwenye mashati mbili. Hapana. Arshitekti ni yule anajua mama atapita wapi na sufuria ya moto. Injenieri ni yule anajua kwa nini nyumba haitamwangukia akipita. Moja anaangalia mutu, mwingine anaangalia uzito. Na wote wawili, muwape nyundo, watajipiga kidole. Ndiyo sababu kati yao kunakuwa kapita, mukubwa wa wamasoni. Nilikuwa kapita miaka mingi hapa Kisangani, na nimeona watu wa shule nyingi wakibishana mpaka muchanga inakauka. Usiogope arshitekti na injenieri wakibishana. Ogopa wakinyamaza.

Wangu walikuwa wawili. Arshitekti Bolinda, mutoto wa fleuve, ule muto mukubwa, wa kule karibu na Yanonge, mutu mwembamba, shati nyeupe hata mu shantie, pale tunajenga. Na Injenieri Kambale, Mnande wa Butembo, mufupi, mwenye tumbo, anahesabu hata akikula. Bolinda alikuwa akimwita "muuza chuma". Kambale naye alikuwa akisema: "Bolinda hajengi nyumba, anaipaka pafyumu." Walitukanana kila siku ya ine, siku ya mukutano ya shantie, kisha wanakaa juu ya tofali na wanakula liboke moja ya samaki, vidole vyao ndani ya majani ile ile.

Walikuwa na desturi moja. Kabla ya kumwanga betoni, chuma ikiwa imefungwa yote juu ya mbao, Bolinda anapanda upande moja, Kambale upande mwingine. Wanatembea juu ya ile chuma polepole, moja anaangalia mulango na kuta, mwingine anahesabu chuma, wanakutana katikati. Wakikutana, Kambale anauliza: "Ni nyumba yako?" Bolinda anajibu: "Ni yangu. Ni uzito yako?" "Ni yangu." Hapo tu ndipo mimi napaza sauti: mwaga! Sisi wamasoni tulikuwa tunacheka, tunasema wanafunga ndoa. Hatukujua ile kucheka iko na siku yake.

Basi, tulikuwa tunajenga maternité kidogo mu Tshopo, karibu na kwangu, na vita ikatukuta. Kuta zilikuwa zimefika juu. Kulibaki dali, ile sakafu ya betoni ya juu, kwa sababu walitaka siku moja kuongeza etaji, vyumba vingine juu yake.

Vita yetu munaijua, ao wazazi wenu wanaijua. Majeshi ya wageni waliingia pamoja kama ndugu, kisha wakapigana hapa mu barabara zetu, na sisi katikati kama karanga ndani ya jiwe ya kusagia. Muji ilikatwa vipande. Bolinda alibaki ng'ambo ya fleuve, rive gauche, na pirogi zilikuwa zinavuka siku moja, zinakatazwa siku tatu. Kambale naye, jeshi lilimushika kule Bangboka, aangalie barabara ya ndege. Hawakumufunga, walimupa hata nyama ya kopo, lakini kutoka hakuweza. Simu hakukuwa. Alors, arshitekti iko upande moja, injenieri iko upande mwingine, na mimi na kinga yangu, baiskeli ya zamani, katikati.

Mwanzo nilibeba plani toka kwa moja mpaka kwa mwingine. Nilizungusha karatasi, nikaifunga na kamba nyuma ya kinga, nikaenda. Ku bariera ya njia ya Bangboka, askari moja wa wageni, mwenye Kiswahili ya kuoga vizuri, akaifungua. Aliishika kichwa chini.

"Mzee, hii ni ramani ya kambi gani?"

"Ni maternité, chef. Nyumba ya kuzalisha."

"Na hapa?"

"Choo."

"Na hapa?"

"Choo ingine."

"Vyoo viwili vya nini?"

"Moja ya wagonjwa, moja ya wanganga."

Aliwaza sana. Akaita mwenzake, wakageuza karatasi mara ine. Ile vyoo mbili haikuwapendeza kabisa. Walinikalisha ku jua mpaka jua ikashuka, kisha wakachana plani kati, wakanirudishia nusu yenye iko na vyoo.

Toka pale Kambale akasema: "Kapita, karatasi basi. Utabeba na kichwa." Na Bolinda akasema vile vile. Nikabeba na kichwa. Mulango ya nyuma, sentimetre kumi zaidi: nilibeba. Chuma ya milimetre kumi na mbili pahali ya kumi na nne, kwa sababu ya kumi na nne haipatikane mu muji yote: nilibeba. Watu walikuwa wanasema, ule mutu anasali juu ya kinga. Sikuwa nasali. Nilikuwa narudilia vipimo.

Sasa sikieni kosa yangu. Sitaizunguka.

Mu chumba ya kuzalia kulikuwa nguzo moja katikati, pale njia ya kutoka inaanzia. Kwa plani, boriti ya betoni ilitoka ukuta moja mpaka ukuta ya pili, na ile nguzo inaishika mu tumbo. Nguzo yenyewe tulikuwa hatujaimwanga, kulikuwa tu na chuma zake zinatoka chini. Mama Véronique, mzalishaji mukubwa, akakuja na kitanda moja ya magurudumu, ya wazungu wa zamani. Akaisukuma. Ikagonga chuma za nguzo. Akaisukuma tena. Ikagonga tena.

"Papa kapita," akaniambia, "mwanamuke akitoka damu nitamupitisha wapi? Nitamurusha juu ya nguzo yako?"

Nikavuka fleuve, nikamwambia Bolinda. Akafunga macho, akaona chumba ndani ya kichwa, akasema: "Mama iko na haki. Toa ile nguzo. Lakini, kapita, sikia vizuri: usikate kitu mbele ya kufika kwa Kambale. Nguzo ikitoka, boriti inabadilika yote. Yeye ndiye atasema chuma ngapi na inakaa wapi. Umesikia?"

Nilisikia. Ninaapa nilisikia.

Lakini wiki moja kabla ya ile siku, ku njia ile ile ya Bangboka, askari walinishika, wakanibebesha sanduku za risasi tangu asubuhi mpaka mugongo ikakuwa kama muti kavu. Walinirudishia kinga bila gurudumu ya mbele. Nilitembea na ile kinga ya gurudumu moja mpaka nyumbani, na bibi yangu akanikanda na maji moto akiwa analia. Bon, nilipotoka kwa Bolinda, nikasimama ku Makiso mbele ya poste, pale njia zinaachana. Njia ya Bangboka upande huu, njia ya nyumbani upande huu. Nikasimama kidogo tu. Nikaenda nyumbani.

Nikawaza: mimi nimefunga chuma miaka kumi na nane. Mimi pia niko na macho. Pale juu ya nguzo, mu plani ya Kambale, chuma ilikuwa nyingi upande ya juu ya boriti. Nikasema ndani ya roho: donc nguvu inakaa juu. Nguzo inatoka, naongeza chuma mbili kubwa pale pale juu, tumemaliza. Nikazifunga mimi mwenyewe, nzuri, waya imekazwa kama nywele ya bibi arusi. Nikakata chuma za nguzo chini. Na nilipovuka tena, Bolinda akauliza: "Kambale amesema nini?"

"Amekubali."

"Amekubali hivi tu? Hakunitukana?"

"Alikutukana kidogo."

Akacheka, akafurahi. Ona mambo. Ile kidogo niliyoongeza ya kutukana ndiyo ilimufanya aamini.

Tukamwanga betoni. Hakuna mutu alitembea juu ya chuma kutoka mashariki, hakuna aliyetoka magharibi. Nilipanda peke yangu, nikafika katikati, sikukuta mutu. Nikasema: mwaga.

Siku hazikupita nyingi, vita ikalipuka mu muji yenyewe. Bombu zilikuwa zinapita juu ya nyumba zetu toka upande huu mpaka upande ule, zinanguruma kama camion bila breki. Nyumba za Tshopo nyingi ni bati. Watu waliangalia wapi kuko betoni juu ya kichwa, wakakimbilia maternité yetu. Wamama, wazee, mbuzi, mutu moja na mashini yake ya kushona. Walilala chini ya dali, kati ya ile miti ya kushikilia, kwa sababu mbao na miti ilikuwa bado haijatolewa. Wanawake watatu walizaa pale, wameshika miti na mikono miwili. Na mimi nilikuwa nao, naangalia juu. Wengine walikuwa wanaogopa bombu. Mimi niliogopa boriti.

Vita ilipotulia, muji ikaanza kunuka, na watu wakaanza kuzika. Sitaandika ile. Mama Véronique alibaki na wanawake kumi na mbili pale ndani, pengine pa kuwapeleka hapakuwa. Akasema: "Papa kapita, siku za betoni kukauka zimepita. Nitolee hii pori. Siwezi kuzalisha mutu ndani ya pori."

Kweli siku zilikuwa zimepita. Nikachukua nyundo.

Hapa muweke sikio, kwa sababu hii haiko mu buku. Muzee aliyenifundisha kazi, masoni wa zamani, kipofu wa jicho moja, alinionyesha: mbele ya kutoa muti, uigonge na nyundo polepole. Muti isiyobeba kitu inajibu bubu, kama ndoo imejaa muchanga. Betoni imekauka, inajibeba yenyewe, muti inapumzika. Lakini muti yenye bado inabeba inalia sauti nyembamba, inaimba. Ukisikia inaimba, usiguse.

Niligonga ile ya ku kona. Bubu. Ya pili, bubu. Nilifika chini ya ile boriti, pale nguzo ilipaswa kusimama. Nikagonga.

Ikaimba.

Nikagonga ya jirani yake. Ikaimba vile vile. Nikainua macho, nikaona chini ya boriti mustari nyembamba kama unywele. Mwanamuke moja alikuwa amelala pale pale, ananyonyesha, akaniuliza: "Papa, nihame?" Nikamwambia: "Hama, mama. Bila haraka." Nikaongeza miti ingine mbili pale, nikakaza na kabari. Mama Véronique akaweka mikono ku kiuno.

"Nilikuambia utoe, wewe unapanda ingine?"

"Mama, kuko kitu nimeharibu."

Aliangalia juu, kisha akaangalia wale wanawake kumi na mbili. Kisha akaniangalia mimi. Heri angenipiga.

Asubuhi yake nikachukua toleka, ile kinga ya kubeba watu kwa feza. Yule kijana wa kinga alipiga hadisi njia yote mpaka Bangboka. Kambale nilimukuta anakula muhogo mbele ya hangari. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, kofia mu mukono.

"Uliongeza chuma?" akauliza.

"Mbili. Za kumi na sita."

"Wapi?"

"Juu."

"Juu," akasema. Aliweka muhogo chini. "Nani alikuambia juu?"

"Kichwa yangu."

"Na Bolinda?"

"Nilimwambia umekubali."

Nilingoja matusi. Akasimama, akaenda nyuma ya hangari, akarudi na miti mbili mibichi ya sombe, ya muhogo, na tofali tatu. Akapanga tofali, akaweka muti moja juu yake, tofali moja katikati. Akakandamiza huku na huku. "Angalia. Inapasuka wapi?" Ganda ilipasuka juu ya tofali ya katikati, upande wa juu. "Ndiyo sababu niliweka chuma juu. Sasa." Akachukua muti mwingine, akatoa tofali ya katikati, akakandamiza. Muti ikapinda, ganda ikachanika upande wa chini. "Sasa inapasuka wapi?"

"Chini."

"Kuko chuma ngapi chini?"

"Mbili. Nyembamba. Zile za plani."

"Zile za plani," akasema. "Plani yenye iko na nguzo."

Akakaa. Alikuwa mutu aliyechoka, namuona mpaka leo, tumbo lake lilikuwa limekwisha wakati wa vita. "Kapita," akasema, "miaka ngapi unafanya na mimi, na sijakuonyesha ule muti?" Nilitaka anitukane, hakunitukana. Aliingia kwa komanda wao, sijui alimwambia nini, akatoka na karatasi ya ruhusa ya siku mbili.

Bolinda nilimuleta na pirogi kesho yake. Nilimwambia katikati ya fleuve, kwa sababu pale hawezi kuniacha aende. Aliweka mukono mu maji, akaiacha pale mpaka tukafika beach, pale pirogi zinafungwa.

Sasa wale wawili wakakutana chini ya ile dali. Tangu vita hawakuonana. Nilifikiri watasalimiana kama ndugu. Hapana. Kambale aligonga muti, akasikiliza, akasema: "Nguzo inarudi."

"Nguzo hairudi," akasema Bolinda. "Kitanda haipiti. Funga chuma chini, ongeza betoni chini ya boriti."

"Na simenti gani? Na chuma gani? Unataka niende kuomba kwa majenerali?"

"Basi vunja dali, tunaanza tena."

"Utaivunja juu ya wanawake? Ah, muuza pafyumu!"

"Muuza chuma! Ungekuja kuangalia!"

"Ningekuja na mabawa?"

Wanawake walikuwa wamelala huku na huku, moja alikuwa ameanza uchungu. Mama Véronique akatokea kati yao, mikono yake imelowa.

"Wapapa," akasema, "munabishana juu ya nguzo, na mutoto anatoka. Mimi niliomba nguzo itoke. Sasa naomba nyumba isimame. Kitanda nitaijua mimi. Nendeni inje."

Wakatoka inje kama watoto wa shule. Wakakaa juu ya tofali, moja huku moja kule. Baadaye Bolinda akachora mu muchanga na kijiti: kama nguzo inasogea kidogo upande wa kuume, si katikati kabisa, kitanda inaweza kupita kushoto, kwa shida. Kambale akaangalia, akafuta, akachora tena mbali kidogo. Bolinda akafuta, akarudisha kidogo. Walifuta na kuchora mpaka wakafika pahali moja. Kisha wote wawili wakaniangalia mimi.

"Kapita, inawezekana?"

Hakuna siku ingine katika maisha yangu nimeulizwa swali na uzito kama ule. Nikasema: "Inawezekana. Lakini nifunge chuma mbele ya macho yenu."

Simenti tulipata mifuko miwili kwa mufanyabiashara moja wa Kivu, ilishuka na ndege, nusu imeshaganda. Tuliivunja, tukaichunga na chujio ya unga. Wamama walitoa chujio zao, na mimi najua mikate ya muhogo mwezi ule ilikuwa na chembe ya simenti. Tulimwanga nguzo mpaka karibu na boriti, tukaacha nafasi ya vidole vitatu. Kwa nini? Kwa sababu betoni ikikauka inashuka, na nguzo isiyogusa ni pambo tu. Ile nafasi unaijaza kesho yake na simenti kavu, muchanga mukavu, maji kidogo tu ya kushikana mu ngumi, na unaipiga na muti na nyundo mpaka inakataa kuingia. Nilipiga mimi. Nilipiga mpaka mukono hii ya kuume ikaharibika, na ndiyo hii inatetemeka.

Kambale alirudi Bangboka karatasi yake ilipokwisha. Bolinda alibaki. Siku zilipopita, niligonga miti moja moja. Bubu. Bubu. Ile iliyokuwa inaimba, nilirudilia mara tatu. Bubu. Nikaitoa, ikaanguka chini, na mutoto moja akashituka na kulia, na hakuna kitu kingine kilifanyika. Bolinda akaiokota ile muti, akaibeba inje.

Kambale alikufa na malaria mbele ya amani kurudi. Bolinda alikwenda Kinshasa, sina habari. Etaji hawakuijenga kamwe, na ni vizuri.

Mwaka uliopita mukaza-mwana yangu alizaa pale. Infirmiere moja kijana, muuguzi mupya, hakunijua, alikuwa anamutoa ndani na kitanda, akagonga nguzo. Akarudi nyuma, akagonga tena. Akasema kwa nguvu: "Ni mupumbavu gani aliweka hii kitu hapa?"

"Ni mimi, mama," nikasema.

Aliniangalia, muzee na fimbo, hakujua acheke ao aombe samahani.

"Basi, papa, tusaidie kusukuma."

Nikaweka fimbo chini. Nikashika kitanda na mukono ya kushoto, nikamwambia tupite kushoto, kuume haipiti, na uinue kidogo gurudumu ya mbele.